Swali Nililolimeza Kilifi

Nakumbuka siku moja, Mwanasiti mwanangu, mama alinishika mkono akanipeleka hospitali, Kilifi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sijavunja ungo. Wenzangu wote pale Mnarani walikwisha kufundwa. Somo yangu wa kunifunda, Bi Rehema, alikuwa amechoka kungoja, na leso ya siku ya kufundwa mama alishainunua, imekaa sandukuni.

Daktari alinipima, kisha akazungumza na mama kando, muda mrefu. Waliporudi akanigeukia. "Binti, una swali?"

Nilikuwa nalo. Nilitaka kuuliza, mimi ni mwanamke au si mwanamke? Nikamtazama mama. Akanikazia macho.

"Sina," nikasema.

Kuuliza si ujinga, hilo nililijua tangu chuo cha Kurani. Lakini tulilelewa kuwa mambo ya mwilini hayasemwi mbele ya mzazi, tukaiita adabu. Njiani mama akaniambia nina baridi ya tumbo. Wiki ile ile akamdanganya Bi Rehema kwamba nimevunja ungo kwa shangazi, Mambrui. Maskini, akaja na udi wake, akanifunda siku saba namna ya kutunza vitambaa ambavyo sikuvihitaji hata mara moja. Nami naitikia, "Naam, somo," kama mwenye akili.

Nikaolewa. Miaka minne nilikunywa makombe ya aya za Kurani na mizizi ya kila aina, nipate mtoto. Siku ya talaka mume wangu aliniuliza, "Ulijua kuwa huzai?" Nikaapa sikujua, na ilikuwa kweli. Hakunisadiki.

Mama alipofariki nilifungua lile sanduku. Leso ilikuwa mpya bado, na ndani yake mmefungwa cheti cha hospitali. Nikakipeleka kwa daktari mmoja kijana, akanieleza polepole. Nilizaliwa bila kizazi. Ndani yangu mna tezi za kiume ambazo mwili wangu haukuzisikiliza, ukakua wa kike. Si laana, si mkono wa mtu. Wapo wengine kama mimi, na hali hii huweza kupita katika ukoo, upande wa mama. "Wewe ni mwanamke, mama, kama ulivyojijua." Maneno ya robo saa, na nimeyangoja miaka arobaini! Nililia hadi wakaniletea maji. Nafuu sikuipata, na hadi leo sijaipata. Husema majuto ni mjukuu. Basi huyo ndiye mjukuu pekee niliyejaliwa.

Sasa nawe hujavunja ungo, na Alhamisi mama yako, mdogo wangu, anakupeleka hospitali. Nilimsikia jikoni akikwambia una baridi ya tumbo. Nilimsihi akwambie kweli, akanijibu, "Dada, usiniharibie mtoto." Nimechoka, mwanangu.

Kwa hiyo nakwambia wewe. Jibu la daktari halitakupa uzazi, wala sitakudanganya kwamba halitauma. Lakini lidai. Uliza mwili wako ukoje, uliza jina la hali hiyo, omba uandikiwe, na cheti ukae nacho mwenyewe. Usikubali kukatwa kitu mwilini kabla hujaelezwa ni nini na kwa nini. Usiolewe na mtu asiyejua. Na daktari akisema, "Binti, una swali?" usimtazame mama yako.

Mola akupe moyo nilioukosa, akufungue ulimi, na akulinde na leso isiyovaliwa. Amin.