Mbuzi Ameshachinjwa na Baba Anakuja Kesho

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana mume wangu na mashemeji zangu wote wanausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto watatu, naishi Kwashemshi, Korogwe. Nimezaliwa Kwaluguru kule Handeni, kwenye familia ya Kiislamu. Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, kwa hiari yangu, kabla sijaolewa na mume wangu, Mkristo wa Bungu. Sijawahi kujuta.

Baba yangu aliumia sana. Miaka mingi hakukanyaga kwangu. Alipokubali kuja, hakunidai nirudi kwenye dini. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nyama nitakayomwekea iwe imechinjwa na Muislamu. Nikamwahidi. Kwetu huku hilo wala si gumu, Wakristo wengi tukiwa na shughuli tunamwita jirani Muislamu achinje ili wote tule pamoja. Sisi tulikuwa tunamwita Mzee Hemedi wa nyumba ya pili, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akimshikia mbuzi miguu.

Mwaka huu mume wangu kaingia kikundi cha maombi kinachofundisha sana habari za uhuru. Mwanzoni nilifurahi, maana alikuwa mtu wa kuogopa uchawi mpaka kwenye chumvi ya kuazima, akaacha, akaanza kulala usingizi. Sasa uhuru umempanda kichwani. Kesho binti yetu wa kwanza anapata kipaimara, na baba anakuja na shangazi zangu. Asubuhi nilikwenda sokoni kununua mchele. Kurudi nakuta mbuzi ananing'inia, ameshachunwa, na mume wangu anaosha kisu huku anaimba pambio. Nikamuuliza Mzee Hemedi yuko wapi. Akasema hakumwita, kachinja mwenyewe.

Nikamkumbusha ahadi yangu kwa baba. Akanijibu kwa upole ulionikera kuliko kama angefoka.

"Mama Neema, Kristo ametuweka huru. Nyama ni nyama. Wewe pika, mzee atakula na wala hatajua."

"Wewe uko huru kula, na mimi nitakula," nikamwambia. "Ila nani amekupa uhuru wa kumlisha baba yangu asichokitaka?"

Akaweka kisu chini. Akasema nikimwambia baba, au nikichinjisha hata kuku pembeni, nitakuwa nimemwaibisha mbele ya wenzake wa kikundi ambao nao wamealikwa, na nitakuwa nimeonyesha kwamba moyo wangu bado uko Kwaluguru. Maneno hayo yamenichoma, kwa sababu anajua fika nilichopoteza ili niwe Mkristo.

Mimi naamini hakuna chakula kitakachonitenga na Mungu. Simbishii mume wangu hapo. Lakini uhuru gani huu ambao ili usimame lazima mzee wa watu adanganywe? Huo mimi nauita ujanja, na nina hasira nao. Tena najiuliza, nikimuumbua mume wangu siku ya mtoto, nitakuwa nimemjengea Neema nyumba ya namna gani? Ameshaanza kuuliza kwa nini hatuongei.

Naandika haya nyama inachemka jikoni. Baba kapiga simu sasa hivi. Nikamwamkia, akaniambia ndugu zake wamemwonya asiende kula kwenye nyumba ya Wakristo, wamebishana naye mpaka wamechoka. Nikamuuliza amewajibu nini.

"Nimewaambia kwa mwanangu nakula bila kuuliza," akasema.

Nikasema karibu baba, nikakata simu, nikalia. Ndugu zangu mnaosoma, nisemeni hata kwa ukali, nitavumilia. Kesho baba akishanawa mikono, nimzuie mbele za watu au nimwache ale?