Uso wa Mama Karai

Watu wa Migori hawakujua Lynnet Maranga alifanya kazi gani. Kwenye arusi ya binamu yake, mshereheshaji alimtambulisha kuwa mkurugenzi wa michezo, na baada ya chakula wazee wawili walimfuata kumwomba jezi za timu ya vijana wa Nyatike. Aliwaeleza kwamba michezo yake huchezwa ndani ya simu. Mmoja wao alimtazama kwa huruma.

"Basi hata mpira mmoja, nyathiwa, mtoto wetu," akasema.

Lynnet alizaliwa Macalder, ambako mtoto hujua kutofautisha dhahabu na jiwe linalong'aa bure kabla hajajua kusoma. Baba yake alivuka mpaka kwenda Tarime kutafuta mashimo mengine, akabaki huko. Mama yake, Filister, ndiye aliyewalisha kwa kuosha mchanga. Alikaa kando ya dimbwi na karai lake tangu asubuhi, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akizungusha, akimwaga, akizungusha. Siku ambayo mwenzake aliondoka mikono mitupu, Filister alimwambia maneno yaleyale: "Jaribu tena, nyathina. Leo mchanga umekataa, kesho utakubali." Aliyasema hata kwa wanawake waliomzidi umri, akiwaita watoto wake, nao walicheka, na kesho yake walirudi.

Lynnet alipokuwa bwenini Asumbi alichonga kete kwa vipande vya sabuni, akawagawia wasichana wahusika. Mmoja alikuwa mwuza samaki, mwingine mwizi wa ng'ombe, mwingine mjane mwenye shamba. Kila mhusika alikuwa na nguvu zake, njaa yake na ukweli wake, na vyote viliongezeka au kupungua kulingana na alivyoamua mwenyewe. Wasichana walikuja kumnong'oneza katikati ya somo la hesabu: "Lyn, leo nitakula?" Hawakuwa wakiuliza habari za chakula cha mchana.

Hivyo ndivyo ilivyo michezo aliyokuja kuitunga. Mchezaji anachukua mtu, anavaa maisha yake, na dunia inambadilikia kwa yale anayoyachagua. Baada ya kusomea kompyuta chuo kikuu, Lynnet hakutafuta kazi ya benki. Alikodi chumba mjini Migori juu ya duka la mbolea, yeye na Magige, Mkuria wa Kehancha aliyechora kuliko mtu yeyote aliyemfahamu. Umeme ulipopotea walishuka kukaa kwenye ngazi na kubishana kuhusu watu ambao hawakuwapo duniani.

Mchezo wao uliitwa Karai. Mchezaji anaingia machimboni bila kitu. Anaweza kuchimba, kununua, kudanganya wenzake kwenye mizani. Anaweza kutumia zebaki, na dhahabu humjia upesi. Ila baada ya muda mkono wake huanza kutetemeka na hakuna anayemwambia kwa nini. Aliyepoteza kila kitu hurudishwa dimbwini, na hapo humkuta Mama Karai, mwanamke wa makamo anayempa karai na kumwambia maneno machache. Lynnet hakuwa na shaka ni nani angekuwa Mama Karai. Walikwenda Macalder, Magige akatoa penseli zake.

"Utanichora na pengo hili?" Filister aliuliza, akifunika mdomo kwa leso.

"Hasa hilo, mama. Bila pengo si wewe."

"Yawa! Lynnet, umeniletea mtu wa kunidharau nyumbani kwangu?"

Lakini aliutoa mkono mdomoni. Walirekodi sauti yake chini ya blanketi ili majogoo wasisikike. Lynnet alimwomba aseme kama anavyosema dimbwini, naye akasema mara moja tu, bila kurudia.

Mchezo uliwapendeza waliouona, na waliouona walikuwa wachache. Walipouonyesha kwenye ukumbi mmoja Homa Bay, vijana waliugombania. Walipofika nyumbani simu zao hazikuwa na nafasi ya kuubeba. Magige alikuwa na watoto. Ndipo ikaja kampuni moja ya Nairobi, na meneja wake Pauline, mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema watauchukua Karai, wataufanya uwe mwepesi, na sehemu ya pili Lynnet ataiongoza mwenyewe. Mkataba ulisema waziwazi kwamba nyuso na sauti zote ni mali ya kampuni. Lynnet aliusoma wote. Aliwaza kwamba uso wa mama yake sasa utafika kwenye simu ndogo za watu wadogo, akatia sahihi.

Sehemu ya pili haikuanza. Kampuni ile ilinunuliwa na kampuni ya kamari pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, Pauline akiwemo. Magige ndiye aliyepiga simu.

"Bosi, umekaa?"

"Sema tu."

"Kaa kwanza."

Alimtumia video. Palikuwa na dimbwi lilelile, leso ileile, pengo lilelile. Pale pa mchanga paliwekwa gurudumu la rangi linalozunguka. Mchezaji aliyeshindwa alitokewa na Mama Karai, akimtazama kwa macho ambayo Magige alichukua msimu mzima wa mvua kuyachora, na kwa sauti ya Filister akaambiwa ajaribu tena, mchanga wa kesho utakubali.

Kule Macalder watu walijua kabla ya Filister mwenyewe. Alipopita kinu cha kusaga mahindi vijana waliita, "Mama Jaribu! Nimejaribu, nimeliwa!" Mwingine akadakia, "Mama, kesho imefika, mchanga bado una kiburi!" Alicheka nao siku za mwanzo, akidhani ni ule mchezo wa mtoto wake. Kisha Risper, jirani yake, alikuja akasimama nje ya mlango na hakukubali kuingia. Mumewe alikuwa ameuza mashine yao ya kusagia mawe, na pesa zote zikaishia kwenye gurudumu lile.

"Sauti yako inalala kwangu, min Lynnet," Risper alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mimi namwambia aache, wewe unamwambia aendelee. Unadhani anamsikia nani?"

Filister alikuwa shemasi katika kanisa lao dogo linaloshika Sabato. Mzee wa kanisa, Cephas, alimjia na maneno ya heshima: wanajua hana hatia, lakini watu wanaongea, basi akae pembeni mpaka jambo lipoe. Filister alivua kitambaa cheupe cha ushemasi, akakikunja, akampa.

Tangu siku hiyo Lynnet hakutafuta kingine duniani ila kuutoa uso wa mama yake kwenye simu za watu. Mwanasheria wa Migori alisoma mkataba akamrudishia bila kumtoza. Barua zake kwa kampuni zilijibiwa na mashine. Mwishowe Pauline mwenyewe alipiga.

"Watu wanampenda sana," alisema. "Wakishindwa ndiye anayewarudisha. Hatuna kitu kingine kama yeye."

"Ni mama yangu, Pauline."

"Najua, mpenzi. Ukiwa nje siwezi kukusaidia. Ukiwa ndani, mkurugenzi ndiye anaamua nani aonekane. Tunatafuta mkurugenzi."

"Nikija, mnamtoa?"

"Siku hiyohiyo. Uso unabaki wetu, lakini wewe ukiwa hapa, hautumiki."

Alimweleza Magige kwenye ngazi za duka la mbolea.

"Nitaingia, nimtoe, halafu niondoke."

"Na ukiondoka?"

Lynnet alikwangua tope kwenye kiatu chake.

"Lyn, wamekushikia mzazi," Magige alisema. "Kwetu mtu akichukua ng'ombe wako unafuata nyayo. Hawa wanataka uwe mchungaji wao."

"Una njia nyingine?"

Magige hakuwa nayo. Juma lililofuata alifunga penseli zake akarudi Kehancha kuchora maandishi kwenye malori.

Pauline alitimiza ahadi. Mama Karai alifutwa siku ile Lynnet alipoanza kazi. Ila gurudumu halikuweza kuzunguka peke yake; wakubwa walitaka mtu wa kusimama mahali pale ambapo mchezaji hukata tamaa, na hakuna aliyepajua mahali hapo kama Lynnet. Ujana wake wote alikuwa amepachunguza. Alijua mtu aliyepoteza anahitaji kimya cha muda gani kabla ya kusemeshwa, macho ya namna gani, na kwamba asiambiwe jambo kubwa. Alijaribu kutunga mtu mbaya, mkavu, asiyeaminika. Walimrudishia. Akatunga mwingine, na mkono wake ukafanya kazi uliyoizoea. Huyu wa pili alikuwa na meno yote na hakufanana na mama wa mtu yeyote. Wachezaji walimrudia kuliko walivyomrudia wa kwanza.

Sauti ya Filister ilipungua Macalder kama moshi unavyopungua. Video za zamani zilibaki kwenye simu za watu, lakini vijana wa kinuni walipata jambo lingine la kuchekea. Kabla ya mvua za vuli Cephas alirudisha kitambaa cheupe, na Filister akamwita bintiye aje nyumbani kwa ajili ya Meza ya Bwana.

Lynnet alifika Ijumaa mchana. Mama yake alikuwa akipika haraka ili jua lisizame kabla hajamaliza, viatu vya kanisani vikiwa vimepakwa rangi tayari na kuegemezwa ukutani.

"Walinitoa hivi hivi tu?" Filister aliuliza akiwa amempa mgongo. "Watu wa pesa hawatoi kitu bure."

Lynnet alimweleza. Alieleza kila kitu, hata yule mama wa pili. Filister aliendelea kukoroga mboga mpaka zikaiva, akaipua sufuria.

"Mara ya kwanza uliniomba uso nikakupa," alisema. "Mara hii hukuniuliza."

"Ungesema nini?"

"Ningesema uniache na aibu yangu. Ilikuwa yangu, na ilikuwa inaisha."

"Walikuvua ushemasi, mama."

"Kitambaa! Lynnet, yule mume wa Risper amesikia mwanamke mwingine sasa. Bado anacheza. Nitamwambia nini Risper? Kwamba afadhali huyu si mimi?"

Lynnet alisema ataacha. Mama yake akauliza, akiacha, uso utakuwa wa nani, kisha akapakua chakula.

Kanisani, kabla ya mkate na divai, waumini huoshana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Wanawake walitoka wakakaa kwenye mabenchi chini ya kibanda cha mabati. Cephas alikuwa amesoma utaratibu kama kila robo mwaka: aliye na ugomvi apatane kwanza, na anayekula kwa pombe au kamari asishiriki mpaka atubu na kuacha. Alisoma bila kumwangalia mtu.

Lynnet alikuwa amevua viatu. Filister alikuja kwenye mstari akiwa na beseni la maji na taulo begani, kitambaa cheupe kichwani. Aliwahudumia wawili waliotangulia. Alipofika kwa bintiye alisimama.

"Vaa viatu, nyathina," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama."

"Ungekuwa mtoto wa mwingine ningekuambia hivyohivyo. Vaa."

Kisha akapiga magoti mbele ya aliyefuata, ambaye alikuwa Risper, akaushika mguu wake wa kulia akauingiza majini.

Lynnet alivaa viatu akazunguka nyuma ya kanisa. Wimbo ulikuwa umeanza ndani, upande wa wanaume, ukiwa chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Simu ilitetemeka mfukoni. Pauline alikuwa anaomba radhi kumsumbua siku ya ibada, lakini mwisho wa wiki ndio wenye watu wengi, na wakubwa walitaka maneno mapya, mafupi, ya kuwaambia watakaoshindwa leo jioni. Lynnet aliegemea ukuta. Akiacha kujibu leo, Jumatatu wangeuliza kwa nini, na uso wa mama yake bado ulikuwa umehifadhiwa kwao. Aliandika sentensi moja, akaifuta, akaandika nyingine iliyokuwa nzuri zaidi, akaituma.

Pauline alijibu palepale kwamba imemtoa machozi.

Upande wa wanawake nao ukaanza kuimba. Lynnet aliitafuta sauti ya mama yake kati ya zile sauti, na hakuweza kuitenga.