Kioo cha Mama Konsolata

Jamani, nyie mliokulia Ngara miaka ile ya wakimbizi, mnakumbuka tulivyokuwa tunajiona vipande vipande? Vioo vyetu vilikuwa vidogo kama kiganja. Unaona jicho, unaona sikio, habari za kiuno na miguu unawaachia wenzako wakusimulie!

Basi siku moja Mama Konsolata, mkimbizi aliyezoeana na mama yangu sokoni, akaja nyumbani na kitu kikubwa kimefungwa ndani ya godoro. Alipokifungua, tuliutupa mpira wetu wa majani ya migomba. Kioo! Kirefu kama mlango! Fremu yake ya dhahabu imechongwa mizabibu na vitoto vya malaika vyenye mashavu kama vimejaza viazi mdomoni, na pembeni ya kioo chenyewe pamechorwa maua ya waridi na ndege wa buluu. Masista aliokuwa akiwapikia kwao walimpa siku ya harusi yake. Sasa kwenye hema la shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kambini, kingekaa wapi?

"Nitunzie, dada," alimwambia mama. "Hiki kikivunjika, sina tena cha kwetu."

Mama alikitunza kuliko alivyotutunza sisi. Mbingu zikinguruma kidogo tu, mbio, kanga juu ya kioo, maana kwetu kila mtu anajua kioo kikiwa wazi kinaita radi.

Ikafika harusi ya shangazi Speransia. Alikuwa akiota jambo moja: ajione mzima, kuanzia shela mpaka viatu, kabla hajatoka kwao. Kumbe siku yenyewe, ndiyo anamalizia kuvaa, ngurumo hizo! Mama huyo, kanga juu! Shangazi akalia mpaka poda ikachora mifereji.

"Wifi, kidogo tu!"

"Radi ikikipiga, nitamwambia nini mwenyewe?"

Nje wasindikizaji wanapiga vigelegele, wanamwita bi harusi. Mara mwenyewe akaingia, Mama Konsolata, amelowa chapachapa, kikapu cha maharage ya zawadi kichwani. Akamtazama shangazi, akacheka.

"Kioo cha harusi kinamnyima bi harusi? Kikipigwa, basi kipigwe kikiwa kazini!"

Akaivuta kanga kwa mkono wake.

Mungu wangu! Shangazi alijiona mzima, akageuka, akageuka tena, akasahau kulia. Watoto tukajipenyeza chini ya shela, tukaenea wote mle ndani ya dhahabu! Mwisho akasogea Mama Konsolata. Hakuwa amejitazama tangu atoke kwao. Akagusa shavu lake.

"Kumbe bado nipo," alisema.

Wakimbizi walipoanza kurudi makwao, alikuja na lile godoro akakichukua. Mama akampa na ile kanga.

Siku hizi binti za shangazi wanajipiga picha kutwa, kila mmoja na simu yake, na bado wanauliza, "Nimetoka vizuri?" Sisi siku ile ya harusi tulijiona mara moja, tumebanana, tukaridhika. Mvua ikianza nafunika kioo changu cha ukutani, nao wananicheka. Wacheke tu. Mimi ninawaza kama na kule ng'ambo ya mpaka kanga ya mama imeshatandazwa juu ya wale malaika.