Picha ya Wazee Saba

Saa saba mchana, akiwa ameshika kikombe cha chai katika mgahawa mmoja wa Kwa Sadala, Ndelilio Nkya alimwona baba yake kwenye televisheni. Baba yake alikuwa amezikwa miaka kumi na sita iliyopita.

Ndizi zake zilikuwa zimenunuliwa mapema sokoni, akaingia mgahawani kupumzisha miguu. Ukutani palikuwa na marudio ya tamthilia iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu, ya msichana wa chuo anayeingia pangoni mlimani na kutokea miaka ya zamani. Siku hiyo msichana aligundua waliokuwa wakimwinda: Undugu wa Saa, chama cha siri kinachoiba miaka ya watoto na kuwagawia matajiri. Akafungua sanduku, akatoa picha ya waasisi wake. Wanaume saba wenye kanzu nyeupe, na nyuma yao ubao wa madhabahu uliochongwa jicho ndani ya pembetatu. Kamera ikamsogelea wa katikati, macho yake yakageuka mekundu.

Wa katikati alikuwa mwinjilisti Eliamani Nkya wa Machame.

"Hao ndio mafrimasoni wa kwanza wa huku kwetu," alisema mnunuzi mmoja wa ndizi, akicheka. "Mlidhani zile nyumba za mawe zilijengwa kwa kahawa?"

"Huyo ni baba yangu," Ndelilio akasema.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimtazama kama mtu aliyekiri jambo, na hilo lilimchoma kuliko yale macho mekundu.

Ndelilio alikuwa na miaka sitini. Mumewe alipofariki alirudi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo lenye migomba na ng'ombe wawili wa maziwa, akamuuguza mzee hadi mwisho. Mzee alipopofuka, alimsomea Zaburi kila asubuhi. Eliamani hakupenda minong'ono. Mtu akija kumsengenya jirani, alimwambia akae kwanza, jirani aitwe, ndipo aseme. Picha ile ilipigwa mwaka 1961, siku walipomaliza kuezeka kanisa la mtaa wao, na wale saba ndio waliobeba mawe kutoka mtoni. Jicho lilikuwa la Mungu aonaye yote. Pembe tatu zilikuwa za Utatu. Watoto wote wa kipaimara walifundishwa hivyo.

Picha yenyewe ilikuwa moja tu, na ilitundikwa sebuleni kwake. Aliyewahi kuishusha ni binti yake Kindness, aliyesema anakwenda kuitolea nakala kabla haijaharibiwa na unyevu. Kindness alikuwa mtafuta vifaa wa kampuni ya maigizo mjini.

Ndelilio alimpigia simu jirani yake Martha amkamulie ng'ombe, akapanda gari la Moshi, akashukia Pasua. Kindness alikuwa anafua nje ya chumba chake.

"Shikamoo mama. Mbona hukusema unakuja?"

Mama hakuitikia. "Babu yako aliiba watoto wangapi?"

Kindness akaacha nguo kwenye beseni. "Umeiona."

"Nimekuuliza swali."

"Mama, ni igizo. Walitaka picha ya zamani yenye alama ya ajabu, tukaitafuta tukaikosa. Nikakumbuka ile. Nilijua hakuna atakayewatambua, wote walishakufa."

"Na mimi nimekufa?"

Binti akafuta povu mikononi. Mama yake akamwambia avae viatu, ampeleke kwa mwenye tamthilia.

Mwongozaji wa tamthilia aliitwa Primus, mwanamume wa makamo, mpole wa maneno. Aliwakaribisha viti, akaagiza soda. Ndelilio hakuigusa.

"Mama yangu, alama ile dunia nzima inajulikana kuwa ya vyama vya siri," Primus alisema.

"Dunia ipi? Baba yangu alipiga magoti mbele yake miaka arobaini, milango ya kanisa ikiwa wazi."

"Watazamaji wanajua ni hadithi."

"Wanaocheka Kwa Sadala hawajui." Akanyoosha kidole ukutani, juu ya kichwa cha Primus, penye picha ya mzee mwenye koti. "Yule ni nani?"

"Mzee wangu."

"Ungemtumia yeye. Naye ni wa zamani."

Primus akageuka kuitazama picha. Mwishowe aliahidi kuiondoa picha katika sehemu zilizobaki. Zilizokwisha kutoka, alisema, ziko kwenye simu za watu, hana la kufanya.

"Unajua kuchafua, kusafisha hujui," Ndelilio akamwambia, akainuka.

Asubuhi iliyofuata alikuta pembetatu imechorwa kwa mkaa kwenye geti lake. Aliisugua kwa maji na majivu hadi vidole vikachubuka. Kisha akampigia Kindness. "Jumamosi uje, tutaibeba ile picha ya sebuleni. Wale wazee wengine sita wote wana watu wao. Utaingia kila nyumba, useme ulichofanya kwa mdomo wako."

Jumamosi walitembea chini ya manyunyu, mama mbele, binti nyuma. Nyumba ya kwanza walisamehewa haraka mno. Ya pili walifukuzwa. Ya tatu ilikuwa ya Bibi Rachel, mjane wa Ndesario, fundi seremala aliyechonga lile jicho.

"Shikamoo bibi," Kindness alisema, akaanza kueleza habari za tamthilia na chama cha siri. Bibi hakuwa na televisheni. Alisikiliza akiwa ameinamisha sikio, kisha akauliza, "Ndesario yumo kwenye hiyo picha?"

Kindness akamwonyesha. Bibi aliishika karibu kabisa na macho.

"Sijawahi kuwa na picha yake," alisema. "Hata moja. Nilishaanza kuisahau pua yake."

Kindness akalia. Ndelilio alimtazama binti yake akilia, wala hasira haikumtoka. Ilizidi, maana sasa aliona wangeweza kumletea bibi huyu nakala tangu zamani, na yeye mwenyewe hakuwahi kuifikiria.

"Utamtolea nakala," alimwambia Kindness walipotoka. "Kubwa, ya fremu. Na usiguse macho ya mtu."

"Sawa, mama."

"Bado nyumba tatu. Futa uso, twende."