Mstari wa Pili Ubaoni

Kila Desemba, siku chache kabla ya kiwanda kufungwa, Maluki hutoa ubao mweusi nyuma ya kibanda cha geti, akaupangusa kwa kitambaa chenye maji na kuuacha juani ukauke. Hakuna anayemtuma. Kazi yake pale kiwanda cha masufuria, Thika, ni kufungua na kufunga geti, kuandika namba za magari kitabuni, na kukagua mifuko watu wakitoka jioni, maana sufuria ndogo hufichika kwapani kama mkate. Lakini ubao ni wake. Umekuwa wake tangu mwaka wa tisini na tisa.

Maluki si mtu wa maneno. Hana kiburi; ni ulimi tu ambao huwa mzito mbele za watu. Wakimsalimu watatu kwa pamoja, humjibu mmoja, tena kwa kutikisa kichwa. Shule aliiacha darasa la saba huko kwao Yatta, ila alitoka na kitu kimoja ambacho wengi waliosoma kumpita hawana, nacho ni mwandiko. Herufi zake husimama wima kama askari wa gwaride. Gichuru, aliyekuwa msimamizi siku hizo, alikifungua kitabu cha magari asubuhi moja, akakitazama kwa muda, akaenda dukani na kurudi na pakiti ya chaki.

"Wewe kijana hujui kuongea," alimwambia. "Basi ongea na hii. Watakie watu Krismasi."

Maluki akaandika: Krismasi njema na Mwaka Mpya wa heri. Nendeni salama, mrudi salama.

Jioni hiyo watu walisimama kusoma. Miaka hiyo wengi walikuwa wakipanda basi kwenda kwao ushago siku hiyo hiyo, wengine na kuku ndani ya kikapu, na maneno ya kuagwa yalikuwa na uzito. Kati yao alikuwapo msichana wa idara ya kung'arisha. Alitoka na vumbi la alumini kwenye kope, kope zote mbili zikimetameta kama magamba ya samaki. Jina lake Wavinya.

"Ni wewe umeandika hapa?" alimuuliza.

Maluki akaitikia kwa kichwa.

"Umeandika vizuri. Lakini sisi kwetu kanisani hatukuli Krismasi. Sasa mimi nikitoka hapa nimeambiwa nini?"

Wenzake waliangua kicheko. "Wavinya, wacha mtoto wa watu! Ona amekauka!"

Naye Maluki alikuwa amekauka kweli, mate hana. Angesema pole, lakini neno lenyewe halikupanda. Akachukua chaki, akachuchumaa, na chini ya mstari wa kwanza akaandika: Na asiyesherehekea, apumzike vyema.

Wavinya aliusoma taratibu, midomo ikichezacheza. Kisha akacheka kuliko wote. "Haya. Sasa hata mimi nimesalimiwa."

Mwaka uliofuata walioana. Picha ya harusi walipigwa kule maporomoko ya Chania, upande wa nje wa ua wa ile hoteli ya zamani, kwa sababu ndani soda ilikuwa ghali. Walishika chupa moja wakapokezana. Katika picha hiyo, ambayo mpaka leo imening'inia ukutani, maji yanaonekana kama shuka jeupe nyuma yao, na Maluki anatazama viatu.

Walihamia Ruiru ili mke awe karibu na kanisa lake la Jumamosi. Maluki alibaki na lake la Jumapili. Watu walisema nyumba ya namna hiyo haisimami, lakini ilisimama. Tarehe ishirini na tano Maluki alivaa koti na kwenda ibadani peke yake. Aliporudi, alimkuta Wavinya akifua. Katika ploti nzima yenye milango kumi na miwili, kamba yao tu ndiyo ilikuwa imejaa nguo siku ya Krismasi, zikidondosha maji juu ya watoto waliovaa viatu vipya. Majirani walicheka sana. Kesho yake, tarehe ishirini na sita, Wavinya alikanda unga na kupika chapati mpaka jioni, akampelekea kila aliyemcheka.

"Kumbe hata nyinyi mnakula Krismasi!" mama mmoja alimwambia.

"Hii si Krismasi," Wavinya akajibu. "Hii ni chapati."

Na kila Desemba, kule getini, ule mstari wa pili uliandikwa. Mwaka wa kumi hivi, wakiwa mezani, Wavinya alimwambia jambo moja, bila hasira, huku akichambua mchele.

"Baba, huu mwaka tena umeniandikia mbele ya kiwanda kizima."

"Si unapendanga?"

"Nilipenda. Lakini mimi nalala na wewe nyumba moja. Siku moja si ungeniambia tu, na mdomo?"

Maluki alitabasamu na kuinama kwenye sahani yake. Alijiambia, mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja na kwenda, na mingine nyuma yake. Sasa ni mwaka wa nne tangu Wavinya afariki, na Maluki hakuwahi kumwambia.

Waliomjua Wavinya kiwandani wamestaafu au wamehama. Gichuru mwenyewe yuko kaburini. Hakuna aliyebaki anayejua mstari wa pili ulitoka wapi. Maluki huuandika mwisho, akiwa amechuchumaa vilevile, na kwa muda ule wa kuandika huwa anaziona zile kope.

Desemba hii aliandika Jumatano asubuhi. Saa nne, Madam Mitchell wa ofisi ya wafanyakazi akashuka ngazi na kuja getini kwa miguu. Ni msichana wa adabu, mtoto wa Membley, mtaa wa wenye pesa, ambaye hajafikisha mwaka kiwandani. Hajawahi kumwita Maluki "wewe soja" kama wanavyofanya wengine.

"Mzee, ubao ni mzuri ajabu. Nimepiga picha nikamtumia mum. Lakini tafadhali, huu mstari wa chini tuutoe."

Maluki alihisi kama mtu amemshika shati kifuani. Akajikakamua. "Kwa nini, Madam?"

"Kuna mtu amelalamika."

Akili ya Maluki ikaenda moja kwa moja kwa Eddie wa stoo. Eddie ameokoka, na saa ya chai huwahubiria watu kwa sauti ya kipaza. "Ni hawa wa Krismasi?"

"Hapana. Ni huyo asiyesherehekea mwenyewe. Anasema watu wakishasoma hapo wanamgeukia yeye. Anajisikia kama ameonyeshwa kidole." Mitchell akashusha sauti. "Najua hukuwa na nia mbaya. Ufute kabla ya Ijumaa, sawa?"

Alipoondoka, Maluki alichukua kitambaa. Alikilowesha, akakikamua, akakilowesha tena. Mkono haukwenda. Kufuta mstari ule kulikuwa ni kumfuta Wavinya getini, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya mtu ambaye hakumjua. Alikianika kitambaa juu ya dirisha la kibanda na kukaa chini. Moyoni akasema hafuti. Wakitaka wamfukuze, miaka iliyobaki si mingi.

Alhamisi saa ya chakula cha mchana, watu walitoka kwenda kununua githeri kibandani kando ya barabara. Eddie alisimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Kui! Kui wa pakingi! Kuja uone, Mzee amekuandikia barua. Sisi tunakula mbuzi, wewe unaambiwa uende ulale!"

"Haiya, kwani chapati pia ni dhambi?" mwingine akadakia.

Kicheko kikavuma. Kui, msichana mwembamba wa kanisa la Jumamosi, aliyeanza kazi ya kufunga sufuria maboksini mwezi wa nane, alikuwa ameshika sahani ya plastiki. Hakucheka. Alivuta kitambaa chake cha kichwa mpaka kwenye nyusi, akageuka, akarudi ndani bila kununua chakula.

Maluki alikijua kicheko kile. Ni kilekile cha mwaka wa tisini na tisa, hata sauti zilifanana. Lakini siku ile Wavinya ndiye aliyekianzisha, na ndiye aliyecheka kupita wote. Wavinya aliomba kuandikiwa. Huyu hakuomba. Na hata Wavinya, alipochoka kuandikiwa, alisema kwa upole, na mume wake hakusikia.

Akainuka, akakitoa kitambaa dirishani. Alianza na neno la mwisho, akarudi nyuma neno moja moja. Alipofika "Na", chaki nyeupe ilikuwa imemwingia kwenye mistari ya kiganja. Hakuiosha mpaka jioni.

Ijumaa kiwanda kilifungwa saa tisa. Kila mtu alipewa unga, mafuta na sufuria moja ya ukubwa wa wastani, na foleni ikajipanga getini kwa ukaguzi. Maluki alikagua kimya kama kawaida yake, ubao ukiwa pembeni na mstari wake mmoja. Kui alipofika, alifungua mkoba kabla ya kuambiwa na kutazama chini.

Maluki alichungulia mkoba, akaufunga zipu. Nyuma ya Kui walikuwa watu zaidi ya thelathini, na Eddie ndiye aliyefuata.

"Pumzika vyema, mwanangu," alisema.

Sauti ilitoka na mkwaruzo, kama geti lisilotiwa mafuta. Kui aliinua macho. Alitazama ubao, akaona pale chini pameachwa patupu, akamtazama mzee.

"Asante, Baba. Na wewe utakula Krismasi wapi?"

"Mimi?" Maluki alifikiri. Maneno yalikuja polepole, lakini yalikuja. "Mimi naenda kanisa. Halafu tarehe ishirini na sita ni chapati. Mke wangu alikuwa wa Jumamosi kama wewe. Alisema hiyo si Krismasi, ni chapati tu."

Kui akacheka, meno yote nje. "Huyo alisema ukweli!"

"Haiya! Mzee anaongea!" Eddie alipiga kelele. "Jameni, leo ubao umepata mdomo!"

Maluki akamgeukia. "Krismasi njema, Eddie. Fungua mkoba."

Foleni yote ilicheka, na Eddie akafungua mkoba. Kuanzia hapo kila aliyepita aliagwa kwa mdomo, mmoja mmoja. Kazi ya nusu saa ikachukua saa nzima, wa nyuma wakanung'unika, na Maluki alipofunga geti sauti ilikuwa imempotea kabisa.

Tarehe ishirini na tano alitoka ibadani, akavua koti, akachota maji. Alifua yunifomu zake mbili, shuka, na leso moja ya Wavinya ambayo haikuwa chafu. Akazianika zote. Watoto wa ploti walipita chini ya kamba wakilia kwamba wanadondokewa na maji.

Ngina, jirani wa mlango wa pili, alitoa kichwa dirishani. "Aii, Baba! Miaka yote hiyo nilidhani kufua Krismasi ni mambo ya Wavinya peke yake. Unafua leo?"

Miaka yote angetikisa kichwa tu na kuingia ndani. Alikamua ncha ya leso, akapachika kibanio.

"Nafua," akasema. "Chapati ni kesho. Kujeni na watoto."