Picha za Watu Hazifutwi

Kaka yangu aliuawa saa nne asubuhi, kwa nyundo yake mwenyewe, mlango wa kibanda ukiwa wazi na watu wakipita.

Mtaani walimwita Bisibisi. Kwa miaka kumi na mmoja alifufua laptopu kuukuu za mitumba: aliongeza kumbukumbu, akatoa diski nzito ya zamani na kuweka mpya iendayo kasi. "Mzee hafi," alisema, "anabadilishwa moyo tu." Ila alikuwa na sharti lake. Diski ya zamani hakuifuta kabla ya kumtafuta aliyeacha picha zake humo. "Picha za watu hazifutwi wenyewe wasijue." Mama alimwambia, "Mwanangu, wema huo utakutokea puani." Akacheka.

Wiki ile mwanamume mwenye kofia nyekundu alileta laptopu yenye ufa, akitaka diski mpya. Kwenye ile ya zamani kaka alikuta picha za harusi ya mwalimu mmoja, na barua yenye namba ya simu. Akapiga.

"Mume wangu alichomwa kisu akinyang'anywa mashine hiyo," mwanamke akamjibu. "Sikubaki na picha yake hata moja."

Mtu mwingine angenyamaza, aende polisi. Kaka, ambaye hakujua kusema uongo hata kwa mwizi, alimwambia wa kofia usoni: "Bwana, kompyuta yako hii. Diski naipeleka kwa mwenyewe."

Kesho yake wa kofia alirudi na mwenzake. Fundi viatu wa kibanda cha pili aliona yote, akajibanza nyuma ya meza yake. Walimbana kaka mkono wa kushoto juu ya meza.

"Iko wapi, Bisibisi?"

"Nimeshasema. Ni ya mwenyewe."

Nyundo ikashuka kwenye kidole gumba.

"Basi tuhesabu. Wewe una kumi, sisi tuna siku nzima."

Cha pili. Cha tatu. Mfupa ulilia kama kuni kavu, fundi viatu aliusikia. Cha nne kilipopasuka, kaka alinyoosha mkono wa kulia, uliobaki mzima, kuelekea sanduku la diski mbovu. Hakusema neno, na Mungu ndiye ajuaye kama kuonyesha kwa kidole huhesabiwa uongo. Walichukua iliyokuwa juu. Kisha, kwa kuwa aliwajua sura, wakampiga kichwani mara tatu.

Tulimkuta ameangukia meza. Mama alimng'oa skrubu iliyozama shavuni, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha kwenye kikopo chake.

Fundi viatu alitoa ushahidi, nao wamefungwa. Nasali kila siku niweze kuwasamehe. Bado sijaweza.

Siku ya tisa baada ya mazishi niliwasha laptopu yangu, ambayo kaka alinirudishia jioni ya kuamkia kifo chake. Alikuwa ametoa kifaa cha kusomea sidii, nafasi yake akaweka diski ya pili. Nilipoifungua, mwalimu alikuwa anacheka, keki mdomoni.

Nilipiga namba iliyokuwa kwenye barua, nikaibeba hadi kwa mjane wake. Nikaiweka mezani, nikamfungulia. Hakulia. Alimtazama mumewe mpaka kioo kikazima chenyewe.

"Amekwenda tena," akasema.

"Hapana, dada. Bado yumo." Nikagusa kitufe, kioo kikawaka.