Maoni ya Waliosikiliza Zumari

Mama yangu alipovunjika nyonga, tuliishi wawili katika chumba kimoja chenye jikoni, ghorofa ya tatu, Kitengela. Aliteleza zizini kwetu, karibu na Bisil, akienda kukamua. Baada ya upasuaji daktari akasema asikae mbali na kliniki mpaka aweze kusimama mwenyewe. Ndugu yangu akabaki na ng'ombe, mimi nikabaki na mama. Kazi yangu ya mapokezi jijini niliiacha, kwa sababu mchana hapakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani, nikatafuta ya kufanyia nyumbani kwa kompyuta.

Niliyoipata ilikuwa ya kusoma maoni. Watu wa nchi za mbali walisikiliza nyimbo mtandaoni wakaandika walichohisi, nasi tuliyapanga maoni yao: huyu ameipenda, huyu hajaipenda, huyu hana upande, huyu ametoka nje ya mada. Mimi nilipangiwa muziki wa Kiskoti na Kiayalandi wa siku hizi. Ni zile zumari za mfuko ambazo bendi ya polisi hubana kwapani siku ya gwaride, ila hapa zilichanganywa na gitaa la umeme na midundo ya disko. Sheria ilikuwa usikilize wimbo mzima kwanza, ndipo usome maoni yake. Basi kuanzia saa mbili asubuhi nilikuwa na zumari masikioni, uso kwa ukuta, mgongo kwa mama.

Walioandika walikuwa watu wa kila namna. Mmoja alisema alisimamisha gari kando ya barabara akalia. Mwingine alisema babu yake angefufuka awachape viboko vijana hao kwa kuweka gitaa penye zumari. Kuna aliyesema paka wake alikimbilia chini ya kitanda na hajatoka. Wengi walitaja milima, ukungu, safari ndefu. Nilikuwa nikisoma hayo huku nikihesabu saa ya kumgeuza mama. Mimi safari yangu ilikuwa kutoka kwa kiti hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi kwa karai lake la haja. Nilizijua nyufa zote za ule ukuta.

Siku moja vile vidude vya kusikilizia nilivyovaa masikioni vikaharibika. Nikaacha wimbo usikike chumbani. Mama akashtuka.

"Zima hiyo kitu," akasema. "Kuna ndama imenasa mahali."

"Yeyo," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa, "hakuna ndama. Ni muziki ya wazungu."

Akageuza sikio upande wa kompyuta. "Rudisha tena."

Nikarudisha. Alifumba macho mpaka wimbo ukaisha.

"Hiyo sauti ya chini haipumui," akasema. "Hiyo ingine ya juu inarukaruka, lakini haiendi mahali. Imefungwa kwa hiyo ya chini."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Kati ya maelfu ya maoni niliyokuwa nimeyasoma, hakuna yaliyokuwa yamenieleza vizuri hivyo kwa nini ule muziki ulinichosha mabega. Tangu siku hiyo nikawa nausikia ule mngurumo wa chini hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Wiki iliyofuata nikakutana na maoni ya mwanamume fulani kuhusu wimbo mmoja wa zumari. Aliandika kwamba mkewe hajainuka kitandani kwa muda mrefu, na kwamba huuweka wimbo huo kila asubuhi akimwosha. "Leo alipiga kitanda kwa vidole viwili," aliandika. "Sijui kama ni muziki au ni mimi alikuwa ananiita." Basi.

Tulipewa nusu dakika kwa kila maoni. Kwa sheria, habari za nyumbani za mtu ziliwekwa nje ya mada. Nilikaa nikiangalia vile vidole viwili mpaka muda ukakaribia kuisha, nikabonyeza "ameipenda". Hapo hapo mkaguzi, mtu nisiyewahi kumwona wala kuisikia sauti yake, akanirudishia: kosa, rekebisha. Nikaandika kujieleza. Akajibu neno moja: rekebisha.

Nyuma yangu mama akaniita mwanangu kwa Kimaa. "Enkerai ai, niletee karai."

"Ngoja."

"Siwezi ngoja."

"Yeyo, si ungoje hata dakika moja!"

Nilipiga kelele. Jirani wa ng'ambo akazima redio yake. Nilirekebisha, nikamweka yule mwanamume nje ya mada, kisha nikageuka. Mama alikuwa ameangalia dirisha, na shuka lilikuwa limelowa.

Nilimwosha bila kumwangalia usoni. Nilipokuwa nikimvalisha akanishika mkono.

"Nimekufunga hapa," akasema.

"Hapana, Yeyo."

"Usinidanganye. Mimi nimechunga maisha yangu yote. Mnyama amefungwa namjua."

Nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto, na yeye akaniacha nilie. Nilipomaliza nikampigia ndugu yangu simu aje anisaidie. Kama kawaida akaanza, "Dada, ngoja kwanza mvua inyeshe." Mama akaomba simu. Aliongea naye kwa Kimaa, polepole, kwa muda mrefu, na sikumsikia akipandisha sauti hata mara moja.

Ndugu yangu aliwaachia majirani ng'ombe, akaja siku ya tatu, akakaa wiki mbili. Alijifunza kumgeuza, kumwosha, kumpa dawa, ingawa mwanzoni aliona haya na kila jambo aliniita kutoka jikoni. Siku yake ya kwanza nilishuka ngazi asubuhi bila haraka yoyote. Nilifika barabarani, nikasimama. Sikuwa nimefikiria pa kwenda. Nilitembea hadi sokoni, nikaangalia nyanya nisizohitaji, na kabla ya saa moja kuisha nikawa nimerudi mlangoni.

Mama alirudi nyumbani kwetu karibu na Bisil miezi minne baadaye, akitembea kwa fimbo mbili. Ile kazi ninayo bado. Sasa nasoma maoni ya watu kuhusu viatu. Hakuna wa kumgeuza tena, mlango huwa wazi mchana kutwa, na ziko siku giza linaingia kabla sijavuka kizingiti.